Nchi Isiyo na Pwani

Mwezi wa tatu huu napanda vilima vya Lisbon
na faili la buluu kwapani,
ndani yake picha ya Nahodha Eduvigis Rolón
akitabasamu kwa shida,
kama mtu aliyeambiwa na mpiga picha afikirie pesa.
Sisi ni Waparagwai. Hatuna pwani.
Tunaomba kuongoza Shirika la Bahari.

Cheka. Wote hucheka hapo,
kisha huagiza kahawa.

Mtaka cha mvunguni huinama.
Nimeinama mpaka nawajua mabalozi kwa viatu.
Na kwa kuwa mkono mtupu haulambwi
nimebeba lesi za ñanduti, nyuzi kama utando wa buibui,
themanini na nne, kazi ya mama mmoja wa Itauguá
aliyeniuliza: mabalozi wengi hivyo, wote wana meza?

Wa Latvia alinipa dakika tisa.
Alisema wanaitazama nchi yetu kwa jicho jema.
Nikaandika kwa penseli: labda.
Mwingine, simtaji, alinishika bega, akaniita ndugu,
akataka tuwakumbuke kwenye kamati ya samaki,
nipe nikupe.
Nikaandika: ndiyo. Nikapigia mstari.

Wa Islandi, Bibi Hallgerður, alisoma wasifu wote mbele yangu,
ukurasa kwa ukurasa, miwani puani,
kimya hata nikasikia tramu ikikwaruza kona huko chini.
"Hapa pameandikwa aliongoza matishari.
Tishari si meli."
Nikamwambia: Mheshimiwa, mwaka ule mto ulipokauka
matishari kumi na sita ya soya yalikwama mchangani.
Nahodha alishuka na fimbo, akapima kina kwa miguu yake,
siku kumi na moja, maji ya goti, maji ya kifundo,
hadi akaupata mkondo wa kupitisha moja moja.
"Aliyapitisha yote?"
"Kumi na tano."
Akafunga faili.
Mpaka nafika barabarani sikujua
kama lile moja limetuponza au limetuokoa.

Usiku Asunción inapiga simu. Waziri anataka idadi.
Nasema arobaini na moja.
"Za uhakika?"
Wanasema ahadi ni deni.
Kwenye ghorofa hizi ahadi ni mwavuli wa hoteli:
unapewa kwa adabu,
unarudishwa mlangoni.

Siku ya kura nilivaa tai ya marehemu baba.
Sanduku la kioo. Karatasi zikunjwe mara mbili.
Msomaji alikuwa na mafua, akapiga chafya katikati ya jina letu,
ikabidi arudie.

Kumi na saba.

Nikafungua daftari chini ya meza,
kidole kikishuka kwenye majina kama cha mtoza ushuru:
nani alinishika bega, nani alinisindikiza hadi kwenye lifti,
nani alisifu lesi akaomba ya pili ya mkwewe.
Nahodha akaweka kiganja juu ya ukurasa,
kiganja kipana, kovu la kamba kwenye gumba.
"Rufino. Kumi na saba wamempigia kura mwanamke wa mtoni.
Waandikie."
"Ni akina nani?"
"Ndiyo maana utawaandikia wote."
Akatoa chipa kwenye mkoba, imekauka kama jiwe,
akaivunja kwa kisigino cha mkono, akanipa kubwa.

Sasa ni saa nane usiku. Barua themanini na nne,
maneno yaleyale, sahihi yake kwa wino kila moja.
Ya yule ndugu yangu wa bega nimeikunja vibaya kidogo,
Mungu anisamehe.
Nimefika herufi ya I.
Kwa Bibi Hallgerður nimeongeza mistari bila ruhusa:
tishari la kumi na sita bado liko pale.
Watoto hulikwea wakitoka shule. Mbuzi hulala kivulini mwake.
Nahodha hulipitia kila Pasaka, hulipiga teke moja,
kisha hukaa juu yake akala chungwa.
Nilidhani ungependa kujua.